Mdomo wa Mama Pindo

Kwa Mama Pindo hakuna upendeleo. Uwe bosi, uwe jirani wa ukuta kwa ukuta, nguo iliyotangulia kufika mezani ndiyo hutangulia kupita chini ya sindano. Wenye haraka huja na maneno matamu, naye huwajibu huku mguu ukikanyaga cherehani: "Foleni ni foleni, mpenzi. Hata sketi ya mama yangu mzazi ingesubiri."

Fundi huyu alikuwa na aibu moja, nayo ilikaa mdomoni. Kila lilipomkabili jambo kubwa, pembe ya mdomo ilianza kumwasha. Kesho yake malengelenge, keshokutwa kidonda. Alijua watu husema nini wakiona kidonda mdomoni, maana yeye mwenyewe aliwahi kuwasema wenzake. Kwa hiyo alijifunika kitambaa na kusingizia mafua. Krimu ya dukani alikuwa nayo, ila aliibania hadi malengelenge yapasuke ndipo apake, kisha akalalamika kwamba dawa za siku hizi ni maji matupu.

Siku ya harusi ya mwanawe alikuwa na kidonda. Mashangazi wote walimkumbatia bibi harusi na kumbusu. Mama mkwe akampa ncha za vidole, kitambaa mdomoni. Tangu hapo mkwe wake alimpokea kwa adabu zote, akamwandalia chakula, lakini hawakuwahi kukaa jikoni wakapiga soga. Mama Pindo alidhani ni maringo.

Miaka tisa ikapita bila mtoto. Kisha asubuhi moja simu ikalia: mkwe amejifungua salama, mtoto wa kike. Mama Pindo aliacha mkono wa blauzi ya watu ukining'inia, akacheka, akalia. Kabla chai yake haijapoa, mdomo ukaanza kumwasha.

"We mdomo, hata leo?" aliufokea, akashika njia hadi duka la dawa.

Muuza dawa, binti wa umri wa mwanawe, alimsikiliza. "Umeshapaka chochote, mama?"

"Bado. Nasubiri yatumbuke kwanza."

"Mteja akikuletea nguo mshono umelegea, unamwambia asubiri ichanike?"

"Nimwambie hivyo nina wazimu?"

"Basi usipoziba ufa utajenga ukuta. Paka sasa, mara tano kwa siku, unawe mikono kabla na baada. Na hilo bomba la krimu ni lako peke yako."

Mama Pindo alipaka palepale kaunta. "Kwa hiyo kesho mjukuu nambusu?"

Binti akaacha kutabasamu. "Hapana, mama. Krimu inakusaidia upone mapema, lakini bado unaweza kuambukiza. Kwa mtoto mchanga ugonjwa huu ni hatari kubwa. Usimbusu mpaka pawe pamepona kabisa."

Alirudi nyumbani akipiga hesabu. Asipokwenda, ataambiwa hana haja na mtoto. Akienda na kitambaa, itakuwa harusi ile ile. Hakuona njia ya tatu.

Kesho yake alikwenda, kitambaa mdomoni. Mkwe alikuwa kitandani, amechoka, anang'aa. Alimnyooshea mtoto kwa mikono miwili. "Mbusu mjukuu wako, mama."

Mama Pindo akarudi nyuma hatua moja.

"Hata yeye?" mkwe aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi nimeshazoea. Lakini hata yeye, mama?"

Swali lile lilimchoma kuliko sindano zote za maisha yake. Akaondoa kitambaa. Pembeni mwa mdomo palikuwa na malengelenge madogo, meupe kwa krimu.

"Ni haya, mwanangu. Nikimbusu nitamwambukiza. Yalikuwepo na siku ya harusi yako. Niliona aibu kukuambia."

Mkwe alimlaza mtoto mapajani. "Mimi nilijua hunitaki."

"Na mimi nilijua unaringa."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa miaka mingi mno kwa kidonda cha wiki moja. Mama Pindo alilia bila kujifunika, na mkwe naye akafuta macho. Kisha akainama, akambusu mtoto kwenye paji la uso.

"Hili la bibi yako," alimnong'oneza. "Nimemwazima mdomo."

Siku ya kumi na moja, ngozi ikiwa safi na muuza dawa ameshaikagua, Mama Pindo alibisha hodi bila kitambaa, uso wazi. Mkwe alimfungulia na kumnyooshea mtoto palepale mlangoni. Mama Pindo hakumpokea. Alimshika mkwe mashavu kwa viganja vyake vigumu vya ufundi, akambusu kwenye paji la uso, akakaa hapo hapo hadi mtoto katikati yao akaanza kulia.

"Na wewe subiri zamu yako," alimwambia mjukuu. "Mama yako alitangulia kufika."