Nyota Tano kwa Firigisi

Usinicheke. Haya yamenipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, wala sijanywa hata soda. Simu ninayo hapa mfukoni na maandishi yamo mpaka sasa hivi. Nikimaliza nitakuonyesha.

Mimi nachoma kuku wa kienyeji pembeni ya barabara kuu, ukitoka Singida mjini kuelekea Ikungi. Kuku nachukua Sepuka kwa mwanamke anaitwa Mama Hawa. Ni kuku wa kujitafutia, wanashinda shambani wanaparua. Sasa kuna mtu, sijui hata nilimkosea nini, akaingia kwenye ile ramani ya simu ambayo wasafiri hutafutia pa kula, akaandika: "Msidanganyike. Huyu mama anauza kuku wa kisasa, anawaunguza makusudi ili msiwatambue." Akanipa nyota moja. Mimi! Kuku wa kisasa!

Jamani, nililia. Kibanda kilikuwa hakina maoni mengine, kwa hiyo ukikitafuta unakutana na hiyo nyota moja tu, imekaa kama chunusi puani. Madereva wakaanza kunipita. Nikaona kabisa kwamba ikiendelea hivi nafunga, narudi kijijini kulima alizeti za watu.

Dada anayeuza vocha jirani yangu akanipa akili. "Waombe wateja waandike. Hao wanaoridhika wanakula na kuondoka kimya." Nikaomba weee. Wanaahidi, wanapanda gari, wanasahau. Hapo ndipo nikajifanya mjanja. Nikachana boksi, nikaandika kwa mkaa: ANAYENIPA NYOTA TANO, FIRIGISI NI YAKE.

Si unajua firigisi kwetu ni ya nani? Ni ya baba mwenye nyumba, ya mzee, ya mgeni wa heshima. Hata mtoto mdogo anajua haigusi. Mimi nikaifanya zawadi ya kubonyeza simu!

Jioni moja, jua ndio linazama, nilikuwa na mteja mmoja tu, dereva wa lori la vitunguu. Kugeuka, namkuta mzee amekaa kwenye benchi karibu na jiko. Koti la zamani, kofia mkononi. Sikusikia alivyofika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nipe firigisi."

Niambie, kuna mtu anaagiza hivyo? Nikacheka. "Mzee wangu, siku hizi firigisi ina masharti. Mpaka uniandikie kwenye simu." Nikamwonyesha lile boksi. Hakukasirika. Akasema, "Tangu lini mzee akatajiwa masharti ya firigisi?"

Aibu iliyonishika, usiulize! Nikaiweka kwenye sahani, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili. Vidole vyake vikanigusa. Baridi! Na amekaa pale pale kwenye moto. Akaila taratibu, kafumba macho.

"Huyu alikuwa jogoo mwekundu," akasema. "Kidole cha mguu wa kushoto kilikatwa na mlango wa banda angali kifaranga."

Nikachungulia beseni la miguu ya kuku. Niamini, mguu mmoja ulikuwa umepungukiwa kidole.

Mwili ulinisisimka mpaka kisogoni. Lakini biashara nayo ilivyonikaa kichwani! Badala ya kukimbia nikasema, "Basi mzee, si uyaandike hayo!"

"Simu sina," akajibu. "Lakini nitasema."

Nikainama kugeuza kuku. Kuinuka, benchi tupu. Nikamuuliza dereva mzee kaelekea wapi. Akaacha kutafuna.

"Mzee gani, mama? Mimi nakushangaa unapigia benchi magoti."

Alibakiza nusu ya kuku wake, akawasha lori.

Asubuhi nikafungua simu. Nyota tano! Jina ni Ntandu, picha hakuna. "Kuku ni wangu, wa Sepuka. Nawajua mmoja mmoja. Anayesema ni wa kisasa aje aniambie mimi."

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikachukua bodaboda moja kwa moja hadi Sepuka, nikamsomea Mama Hawa. Akakaa chini pale pale uani.

"Ntandu ni baba yangu. Mbegu ya kuku hawa ni yake. Tulimzika kabla hizi simu za kupangusa hazijafika huku." Halafu akawa analia na kucheka kwa pamoja. "Alikuwa hataki mtu awaseme vibaya kuku wake. Na kwa firigisi, hee, ungegombana naye!"

Na yule wa nyota moja? Maneno yake yalifutika wiki ile ile. Sijui kama alikwenda kumwambia mzee, au mzee ndiye aliyemfuata. Sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba magari sasa yanajaa mpaka yanakosa pa kuegeshwa, na nina furaha hata usingizi unachelewa.

Boksi nililitia jikoni likaungua. Kila jioni firigisi ya kwanza naiweka kwenye sahani, mwisho wa benchi, na asubuhi haipo. Utaniambia ni paka. Paka gani anayerudisha sahani juu ya meza yangu ya vyombo?

Kwa hiyo wewe mwenye biashara, waombe wateja wako waandike, tena omba kwa sauti, usione haya. Ila cha mzee usikitie kwenye tangazo. Na ukiahidiwa maoni na mtu asiye na simu, mheshimu, maana huyo hasahau. Juzi alikuja mteja ana haraka, akaing'ang'ania ile firigisi ya kwenye sahani. Nikamuuzia. Nikajisemea, si mara moja tu?

Asubuhi nikafungua simu. Jina lile lile, maneno yale yale. Nyota nne.