Kiboko Kilichofungia Ndama

Juma lililopita nilipita karibu na shule niliyosomea, kando ya mtaa wa mji wetu uitwao West Indies, saa ambayo lango hufungwa. Watoto waliochelewa walikuwa wamepanga mstari, mwalimu akiandika majina yao daftarini, basi. Nilijikuta nimesimama barabarani nikingojea mlio ambao haukuja. Wewe uliyesoma enzi zetu unaujua mlio huo.

Kwetu fimbo yoyote iliitwa kiboko, na mwenye kosa ndiye aliyetumwa kuikata. Nilikuwa darasa la tano. Ng'ombe wa nyanya yangu alikuwa amekawia kushusha maziwa, nami nikafika shuleni baada ya kengele. Nilikata kijiti cha mkaratusi, chembamba, kikavu.

"Hii ni ya kufukuza nzi?" mwalimu akauliza, darasa zima likacheka. "Kesho ukuje na kiboko ya maana kutoka kwenu."

Nyumbani palikuwa na kitu kimoja tu chenye jina hilo: mkanda mweusi wa ngozi, mrefu na mgumu, ambao nyanya alifungia ndama. Jioni nilimwomba kiboko cha zizini, nikamweleza kuwa ni cha kunichapia. Nyanya aliacha kumenya viazi. Ndipo aliponisimulia. Ilikuwa ngozi ya kiboko mwenyewe, yule mnyama, iliyokatwa ikakaushwa. Mzungu mwenye shamba ambalo yeye na babu walifanyia kazi aliitumia kuwachapa vibarua. Babu alilazwa kifudifudi mbele ya wenzake, akachapwa nacho kwa kumwaga debe la maziwa. Mzungu alipohama, watu waliingia stoo wakabeba viti, majembe, hata mapazia. Nyanya alibeba hicho tu.

Asubuhi alijifunga kitambaa chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda. Hakupaza sauti. Alikiweka juu ya meza ya mwalimu, nacho kikajikunja polepole kama kitu chenye uhai.

"Mwalimu, uliagiza kiboko. Ni hii hapa. Ilipiga baba ya watoto wangu. Hizo zako za miti ni watoto wake tu. Ukitaka kupiga huyu, chukua mama yao. Mimi nitangoja."

Mwalimu alikiinua, akakipima uzito, akapitisha kidole gumba ukingoni. Mwishowe alimrudishia nyanya kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa maji ya kunywa.

"Pole, Mama," akasema. Kisha kwangu: "Enda ukae."

Sitakudanganya kwamba aliacha kuchapa. Juma halikwisha kabla ya fimbo kusikika tena. Lakini tangu siku ile aliiita fimbo. Neno kiboko halikumtoka tena kinywani.

Leo zizi limegeuka nyumba za kupangisha, nyanya tumemzika, na sheria imeiondoa fimbo darasani. Bado namstaajabia. Nakumbuka likizo moja, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Chepkoilel, nilipomkuta ndama amefungwa kwa kamba ya katani. Nikauliza kiboko kilikokwenda.

"Ndama walitafuna, kidogo kidogo, ikaisha."

Nikamwuliza kama hakusikitika kupoteza ukumbusho mzito kiasi kile. Hakugeuka, aliendelea kukamua.

"Na unafikiri nilikuwa nawafungia hiyo kwa nini?"