Wimbo wa Baba Walioucheza Ubaruku

Mpaka leo nikisikia mtu anakaza nyuzi za gitaa, ule mlio unaopanda polepole mpaka unatulia, najikuta jikoni kwetu Nyololo, miguu karibu na jiko la mkaa, ukungu umeziba dirisha. Baba alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya Walutheri, na ndiye aliyeninyoa, kunifulia na kunipikia, kwa sababu mama yangu, Sara, alikuwa ametuacha. Alikwenda Ubaruku kununua mpunga, akabaki huko na mwanamume mwenye mashine ya kukoboa. Nilikuwa darasa la tatu.

Baba akaanza kutunga wimbo. Maneno aliyapata upesi: Sara, moto umezimika, mkaa uko mbali, nani atauwasha. Kilichomsumbua ni kodi, ile mipangilio ya vidole inayozifanya nyuzi kadhaa zilie pamoja. Alianzia E maina, akaenda A maina, zote kodi za huzuni, akarudi. Wimbo ukawa unasikika kama watu wanaotoka makaburini. Nikaacha kula.

"Baba, mama akiusikia huo atalia."

"Si ndiyo ninavyotaka, mwanangu."

"Akilia hatarudi. Weka zile za kwaya."

Aliniangalia mpaka ugali ukapoa. Halafu akahamisha vidole, akapiga G, C, D, akarudi G, kodi zile zile za nyimbo za sadaka, watu wanapokwenda mbele na kuku na mahindi. Maneno hayakubadilika, lakini sasa yalikuwa yanaruka.

"Hivi?"

"Hivi."

Nikitoka shule tunaujaribu. Akitaka kupenyeza E maina mahali, natikisa kichwa, naye anaitoa.

Jumamosi moja tukapanda basi. Ubaruku kulikuwa na joto nisilolijua. Sweta nililivulia stendi. Mashineni pumba zilikuwa zinaruka kama moshi, wanawake wanapepeta mchele, na mama akatoka amevaa kanga mpya, amenenepa kidogo. "Kamwene," alimwambia baba, kwa sauti ya kusalimia mgeni. Mimi alinishika kichwa.

Baba aliitikia, akavuta gitaa mbele, akaimba. Ubeti wa pili haujaisha, wanawake wameshaweka nyungo chini wanapiga makofi, mmoja anatikisa mabega. Hakuna aliyekuwa anasikiliza maneno. Mama naye akacheza hatua chache, akacheka, akafuta jasho. Wimbo ulipokwisha alimshika baba mkono.

"Asante, baba Neema. Nilidhani bado una kinyongo. Sasa nimepata amani."

Akatufungia mchele kwenye mfuko, akarudi ndani.

Ndani ya basi nilimuuliza baba kama mama atakuja mwezi ujao. "Lala, mwanangu," alisema. "Hata Makambako hatujafika."

Miaka mingi niliamini kwamba tulikosea kodi moja tu, kwamba tungeipata angerudi. Nilipojifunza gitaa mwenyewe ndipo nilipoelewa. Mtu aliyepiga miaka yote ile hawezi kudhani kwamba wimbo wa kuachwa unapigwa vile. Baba alijua tangu mwanzo kwamba mama harudi, kwa kodi yoyote ile, na mbele yake alikuwa amekaa mtoto asiyekula. Basi akauacha wimbo wake, akanitungia mimi wangu, akaenda kuuimba mbele za watu wakaucheza.

Ule wa kwake hakuumalizia. Nimejaribu kuutafuta kwenye nyuzi, kutoka ile E maina kwenda mbele, na siufikii. Baba tulimzika mwaka juzi.