Mjane achonga kiti kutokana na mti uliomuua mumewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi Februari, mvua inapiga bati la banda na nje bado ni giza. Eluned Prydderch anachukua fito zilizopangwa nyuma ya jiko la kuni, na kila mmoja anaubandika shavuni. Ukiwa na ubaridi, anaurudisha. Ukiwa hauna, anaugonga kwa mwenzake na kutega sikio.

"Huu bado una maji," anasema. "Ukiugonga unajibu kama mtu mwenye mafua. Mkavu unalia kama kijiko kwenye kikombe."

Eluned ana umri wa miaka sitini na mitatu na anatengeneza viti kwa mikono katika vilima vilivyo juu ya mto Teifi, Wales. Vifaa vyake ni shoka, kabari, nyundo ya mti, keekee ya kuzungusha kwa mkono na kisu chenye vishikio viwili ambacho mchongaji hukivuta kuelekea kifuani. Viti vyake havina msumari wala gundi.

Siri ya kazi yenyewe, anasema, ni maji. Miguu ya kiti huchongwa ikiwa mibichi. Fito za kuunganisha miguu hiyo huchongwa mbichi pia, kisha hukaushwa kabisa kabla ya kuingizwa kwenye matundu.

"Mguu ukikauka unasinyaa na kuukaba ufito. Ufito nao unanyonya unyevu kidogo, unafura. Wanabanana wenyewe, huhitaji kuwaombea," anasema. "Ukifanya kinyume, ukaweka ufito mbichi kwenye mguu mkavu, mwaka hauishi mgeni wako yuko chini na chai mapajani."

Anayasema haya kwa sauti ya mtu anayekariri. Ni maneno ya Idwal, mumewe. Mpaka Septemba iliyopita, kuchonga hakukuwa kazi ya Eluned.

Kwa zaidi ya miaka thelathini Idwal ndiye aliyepasua, aliyechonga na kuunganisha. Eluned alisuka mafunjo ya pa kukalia. "Mimi nilikuwa mtu wa makalio," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anakaribia kutabasamu. "Watu wakisifia kiti, alikuwa anawaambia, msifieni mke wangu, mimi nimeweka miguu tu."

Kando ya barabara nyembamba inayopita kwenye shamba la jirani yao, Hefin Bebb, kuna safu ya miti ambayo kwa Kiwelshi huitwa onnen. Ndiyo miti ambayo watu wa huku wameitumia tangu zamani kwa viti, reki na mipini ya majembe, kwa kuwa hupasuka sawasawa na haivunjiki upesi. Sasa ugonjwa wa ukungu unaiua. Inaanza kukauka kileleni na kushuka chini.

Hefin, mfugaji wa kondoo, alikuwa akiishi na mama yake mzee, Nanw, ambaye magoti yake hayakumruhusu tena kuinuka bila kushikwa. Mwaka jana majirani hao wawili walipatana. Idwal angeukata mti mmoja uliokuwa ukitisha magari, angechukua gogo lake, na Nanw angetengenezewa kiti kirefu chenye mikono ya kujisukumia.

"Onnen mgonjwa ni mwongo," anasema Hefin. "Chini unamwona amesimama kama mlinzi. Juu ameoza."

Msumeno haukuwa umefika katikati ya shina pale tawi la juu lilipokatika na kumwangukia Idwal. Hefin alikuwa ng'ambo ya barabara. Anasema hakusikia kitu mpaka tawi lilipofika chini. Alikaa na Idwal kwenye matope mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na lilipofika hapakuwa na la kufanya.

Eluned alikuwa nyumbani akiloweka mafunjo.

"Hefin alikuja akasimama mlangoni, hasemi," anakumbuka. "Nikamwambia, Hefin, kama huna la kusema ingia unywe chai. Ndipo akakaa chini, palepale kwenye ngazi. Nikajua."

Wiki moja baada ya mazishi alisikia trekta uani. Hefin alikuwa amelikokota gogo la mti uleule, ambao ulimaliziwa kukatwa baada ya ajali.

"Nilimwambia aliondoe. Nilimwambia na mengine ambayo gazeti lenu haliwezi kuyaandika. Akafungua mnyororo, akaliacha, akaenda zake."

Hefin hajitetei. "Asubuhi ile Idwal alilipigapiga lile shina kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasema, hili limenyooka, hili litampa Nanw kiti. Ningelipeleka wapi?"

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kanisani Eluned alihamia benchi la upande wa pili. Mdogo wake, Morfydd, aliyekuwa akija kulala kwake siku za mwishoni mwa wiki, alikuwa na shauri moja tu.

"Alikuwa ananiambia, dada, lichome. Lichome tuote moto, liishe."

Eluned alikubali. Alitoka na shoka siku mbili tofauti kulikatakata kuni, na mara zote mbili alirudi ndani. Mara ya tatu aliona nyufa zimeanza kwenye ncha za gogo, kama miale. Gogo lilikuwa linakauka, na likikauka halifai tena kwa kiti. Akaenda stoo, akachukua rangi ya kijani iliyobaki walipopaka mlango wa jikoni, akazipaka ncha zote mbili ili maji yasitoke upesi.

"Namkasirikia Idwal, namkasirikia Hefin, na huku naliuguza gogo," anasema. "Sikuwa na akili timamu siku zile."

Novemba alilipasua. Alikuwa amemwona mumewe akifanya kazi hiyo miaka yote, akadhani macho yamejifunza. Kabari ya kwanza ilikwenda vizuri, gogo likafunguka vipande viwili kupitia kiini. Kipande kilichofuata kilimshinda: ufa ulikimbilia pembeni na kumwachia upande mmoja mnene na mwingine mwembamba kama ubao wa kukatia mkate.

"Nilikuwa nagawa ovyo. Kila mara gawa nusu kwa nusu, nusu kwa nusu, pande zilingane. Na ufa ukianza kukimbia, kandamiza upande mnene, upinde. Ufa utarudi huko. Idwal alikuwa ananipigia kelele hivyo nikimshikia gogo. Mnene, Eluned, mnene! Nilikuwa nadhani ananitania."

Kisu nacho kilimfunza kwa njia yake. Kidole gumba cha kushoto kina kovu jekundu bado. Sasa akiona nyuzi za mti zinanyanyuka mbele ya makali, halazimishi. Anaugeuza mti na kuanzia ncha ya pili.

Karibu nusu ya gogo ilikuwa na madoa ya kahawia, ikivunjika kama biskuti. Ile aliichoma. Vipande vizuri alivizamisha kwenye hori la kunyweshea kondoo visikauke, akawa anatoa kimoja kimoja. Tangu Septemba hajauza kiti hata kimoja. Anaishi kwa akiba kidogo na kazi ya jikoni katika shule ya msingi.

Kiti cha Nanw alitaka kukimaliza kwanza. "Idwal aliahidi. Sikuwa namfanyia Hefin, nilikuwa namfanyia mama yake. Hilo nilijiambia kila siku."

Katikati ya Januari Morfydd alipiga simu. Nanw alikuwa amefariki usingizini, akiwa kwenye sofa ambamo hakuweza kuinuka peke yake. Eluned alikuwa amebakiza mguu mmoja.

Alikwenda kuzika. Mbele ya kaburi aliona Hefin amesimama peke yake, hana mke, hana ndugu, koti limemkaa vibaya. Akavuka, akasimama ubavuni pake. Kesho yake alirudi bandani akauchonga ule mguu.

Saa tatu, asubuhi hiyohiyo ya Februari, mlango wa banda unafunguka. Ni Hefin, amelowa, amebeba mayai kwenye kofia.

"Dada Eluned, umeamka salama?"

"Nimeamka. Weka mayai hapo, shika huu mguu. Ushike kweli, si kama unashika mkono wa mchungaji kanisani."

Hefin anaushika. Eluned anaelekeza ulimi wa ufito kwenye tundu na kupiga kwa nyundo ya mti. Mlio ni mwepesi, kisha mzito kidogo, kisha unakatika.

"Umefika mwisho," anasema. "Ukiendelea kupiga baada ya hapo, unaupasua mguu."

Wanaingiza fito zote hivyo. Kiti kinaposimama, Eluned anakiegemea kwa uzito wake wote, kikilalia upande mmoja anakivuta mpaka kinanyooka. Kingali kinapindika; baada ya siku chache hakitapindika tena. Pa kukalia bado hapajasukwa.

"Kizuri," anasema Hefin. "Mama angeuliza kwa nini kimechelewa."

"Kwa hiyo utakuja kukichukua nikishakisuka."

"Mimi sitakikalia, dada. Siwezi."

"Sijakwambia ukikalie. Kiweke jikoni. Siku ukichoka utakaa bila kufikiri."

Hefin anafuta uso kwa kofia ile ile iliyokuja na mayai. Halafu anasema lililomleta. Jumatatu watu wa mashine wanakuja kuiangusha miti yote iliyobaki barabarani. Safari hii mashine itaushika mti kutoka juu. Hakuna mtu atakayesimama chini. Mashina watayasaga.

Eluned hajapita barabara ile tangu Septemba. Kwenda shule huzunguka kwa njia ya kinu, ingawa ni mbali zaidi.

"Wasisage yote," anasema hatimaye. "Yaliyonyooka nitayataka. Yatanitosha miaka miwili, mitatu. Yakiisha nitajifunza mwaloni. Nao unapasuka vizuri, ila ni mzito na mgongo wangu ndio huu."

"Nitawaonyesha ya kuacha, kadiri nionavyo mimi."

"Wewe unajua kondoo. Nitakuja mwenyewe na chaki, niweke alama."

Hefin anasema atamfuata kwa gari Jumatatu saa mbili asubuhi. Eluned anatikisa kichwa. Anataka kwenda kwa miguu, peke yake, na hajui kama miguu itamfikisha.

"Wewe simama getini kwako na chupa ya chai," anamwambia. "Nikifika, nimiminie. Nisipofika mpaka saa tatu, njoo unichukue nitakapokuwa nimekwama."