Zimwi wa Bibi na Kunguru Anayelia

Enzi zetu sisi watoto wa kijijini Baleni, adui wa hadithi hakuwa analia. Alikuwa anakula watu. Nasema hivi mapema ili nyie wa rika langu mjue naelekea wapi, maana jambo lenyewe lilininyima raha. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta funguo ambazo ziko mkononi.

Mimi ndiye mwenye lile banda la video pale mjini Kilindoni, lile la bati jipya. Shule niliiaga darasa la nne, na shule yenyewe haikunililia. Nilianza kwa kuuza madafu, nikanunua televisheni moja kuukuu iliyokuwa inaonyesha watu wote wa kijani, na watu walikuja wakaitazama hivyo hivyo. Leo skrini yangu imejaa ukuta mzima, feni zinazunguka, na umeme wa mji ukikatika, wa kwangu wa jua unaendelea. Hakuna aliyenishika mkono. Waliosoma wanakuja kwangu kuchaji simu.

Sasa, likizo hii niliwawekea watoto katuni moja ya familia, zile zinazotafsiriwa Kiswahili na vijana wa Dar. Adui wake ni kunguru mkubwa mwenye joho jeusi, kaliiba jua la msitu kalifungia pangoni. Huyo mtafsiri naye kampa sauti ya shangazi anayegombania foleni ya maji. Mwishoni wanyama wanafika pangoni, wanamkuta kunguru analia kwa sababu hakualikwa sherehe ya kuzaliwa ya njiwa. Wanamkumbatia, jua linatoka, basi, imekwisha.

Hapo ndipo vita vilipoanza.

"Kunguru gani yule!" alisema Shaibu, mtoto wa jirani yangu, ambaye akishaona filamu mara moja tayari ni bingwa wa filamu. "Amefungia jua zima, halafu anaulizwa swali moja tu, machozi chururu! Adui dhaifu. Jogoo wetu angemmaliza asubuhi kabla hajawika."

"Hujaelewa wewe," akajibu binti yangu Saumu. "Alikuwa mpweke. Hakualikwa."

"Mimi nami sikualikwa harusi ya kaka yako. Nilifungia jua?"

"Hukualikwa, lakini pilau ulikula sahani mbili!"

Banda zima likaangua kicheko. Wengine upande wa Shaibu, wengine upande wa kunguru, kelele mpaka popo wakahama darini. Mimi nilikuwa nafagia maganda ya karanga, na mdomo wangu, kama mnavyoujua, hauna mlango. Nikasema, "Nyote hamjaona adui. Adui alikuwa zimwi wa bibi yangu. Huyo mngemjua, msingethubutu hata kukaa karibu na dirisha."

Saumu akanitazama. "Baba, mazimwi wote wa hadithi hudanganywa na sungura. Huyo wa Bibi alishindwa na nani?"

Nikainama nikaendelea kufagia.

"Si mnaona?" Shaibu akadaka. "Naye dhaifu!"

Wakacheka. Nami kwa kiburi changu nikatangaza mbele ya wote: kesho, tukishaswali Isha, taa zote nitazima, nitawahadithia zimwi wa Bibi mpaka mwisho, na atakayeweza kucheka ataangalia filamu bure likizo nzima. Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba huo mwisho sikuukumbuka. Wala wimbo wa zimwi sikuukumbuka. Nilikumbuka hofu tu.

Bibi yetu, Mwanakombo, ndiye aliyetulea mimi na dada yangu Mwanaidi na kundi la binamu. Nyumba yake ilinuka moshi wa makumbi ya nazi, maana jioni aliyafukiza kufukuza mbu. Chakula kilikuwa mihogo ya nazi, na aliyechelewa alikuta ukoko, na ukoko nao tuligombania. Mchana wote tulikuwa shambani kwenye minazi, tunacheza kombolela, tunakokota magari ya vifuu vya nazi, tunarushiana vidaka, zile nazi changa, mpaka mtu atoke nundu. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa, na hiyo tuliisikia tukiwa mbali kwa makusudi. Fimbo ya chuo cha Kurani tuliijua kuliko aya. Watoto wa leo ukimwambia ameze panadoli analia. Sisi tulichomwa miiba ya samaki tukaitoa kwa meno.

Lakini Maghribi ikikaribia, hakuna aliyetuita. Tulikimbia wenyewe. Vumbi letu lilifika uani kabla yetu. Kwa nini? Kwa sababu ya zimwi.

Baada ya chakula Bibi alikaa kwenye mkeka akisuka ukili wa mkeka mwingine, taa ya koroboi mbele yake, tukamzunguka magoti kwa magoti. "Paukwa!" "Pakawa!" Halafu zimwi anatoka kwenye minazi. Bibi hakupaza sauti. Aliishusha. Ukitaka kusikia, ilibidi usogee, na ukisogea, umekwisha. Nakumbuka mikono yake ikiendelea kusuka huku sauti si yake tena.

Picha ya Bibi sina. Hakuna aliyekuwa na kamera Baleni, na yeye mwenyewe angeikimbia. Nyumba ilishaanguka, mkeka uliliwa na mchwa. Kilichobaki kwake ni yule zimwi. Sasa mimi, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimemtoa nje ili watoto wamcheke. Wakimcheka zimwi, wamemcheka Bibi, na hatakuwa na pengine pa kubaki.

Asubuhi yake sikunywa hata chai. Nikawasha pikipiki, nikaenda Baleni kwa Da Mwanaidi, maana yeye ndiye aliyebaki anayejua. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Ilikuwa karibu na Adhuhuri.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na haraka zako. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka wimbo wa zimwi. Na mwisho wake."

Kisu kikasimama hewani. "Saa hizi?"

"Saa hizi."

"Hamadi, una akili kweli? Hadithi mchana? Unataka niote mkia uzeeni?"

Nyie mnacheka, lakini nani kati yetu aliwahi kuhadithia mchana? Hata mimi, mwenye skrini ya ukutani, nilijisikia vibaya kwa kuuliza. Kwa haraka zangu nilikuwa nimesahau sheria ya kwanza: anayehadithia mchana huota mkia. Nikamwambia basi aninong'oneze tu. Akasema mkia hauoti kwa sauti kubwa peke yake. Nikamwambia walau wimbo. Akanirushia kisu kingine, akasema, "Menya."

Nikamenya. Mimi, mtu mzima mwenye banda lake, nilimenya mihogo kiroba kizima, huku nalitazama jua na jua halisogei. Nikasimama, nikakaa. Nikaenda kuangalia matairi. "Tulia," akasema, "tangu utotoni una sisimizi makalioni." Mwishowe Alasiri akavaa kanga zake, akapanda nyuma ya pikipiki, akanishika kiuno, akasema wimbo ataimba mwenyewe usiku.

Watoto walikuwa wamejaa banda kabla hata hatujatoka msikitini. Shaibu kakaa mbele kabisa, kakunja mikono kama hakimu. Nikazima skrini, nikazima feni, nikazima taa. Da Mwanaidi akaketi chini, si kwenye kiti, akawasha koroboi aliyokuja nayo kwenye kikapu.

"Paukwa!" nikasema.

Hawakujua kuitika! Ikabidi niwafundishe.

Nikaanza kuhadithia zimwi anayetoka minazini jua likizama, anayekusanya watoto waliochelewa. Sauti yangu ilikuwa kubwa mno, ya kutangaza filamu. Shaibu alishaanza kumkonyeza mwenzake. Da Mwanaidi akanigusa goti ninyamaze, akaanza yeye, chini kabisa, sauti ile ile ya Bibi:

*Nani hajafika? Nani hajafika?*
*Jua limezama, nani hajafika?*

"Zimwi akiimba hivyo," akasema, "kila aliye ndani hujibu 'nimefika'. Asiyejibu, zimwi anajua yuko nje." Akaimba tena, sasa anataja jina. Saumu akajibu, "Nimefika." Akataja mwingine, akajibu. Watoto wakawa wanasogea, magoti kwa magoti. Alipofika kwa Shaibu hakumaliza hata jina. "Nimefika! Nimefika!"

Hakuna aliyecheka.

"Halafu?" Saumu akauliza. "Alishindwa na nani?"

Nikamtazama dada. Akaipuliza koroboi, ikazimika. "Hakushindwa. Bibi alikuwa anaishia hapa kila siku. Mwisho hakuwa nao."

"Sasa yuko wapi?" akauliza Shaibu, na sauti yake haikuwa ya bingwa.

"Nitajuaje? Minazi ya Baleni watoto wamepungua, wote mmehamia mjini. Ana njaa."

Kwenye giza lile nikaelewa kitu ambacho utotoni sikukiona. Bibi alikuwa anatuhesabu. Macho yake hayakuona vizuri jioni, nasi tulikuwa wengi, basi kila siku alijua kwa sauti zetu kwamba hakuna aliyebaki minazini. Nikiwa bado nawaza hayo, dada akaimba mara ya mwisho, polepole.

*Jua limezama, Hamadi hajafika?*

Watoto wote wakanigeukia.

"Nimefika," nikasema.

Siku hiyo nililazimika kumsindikiza kila mtoto mpaka mlangoni kwao, Shaibu kanishika shati. Na tangu hapo, Maghribi ikikaribia, viti vya banda langu vinabaki vitupu hata filamu iwe tamu vipi. Bibi kaniharibia biashara ya jioni. Enzi zetu zimwi alituleta nyumbani. Leo kunguru anakumbatiwa, jua linatoka, na mtoto hana sababu ya kurudi kokote. Nafunga mapema siku hizi. Na nikipita chini ya minazi jua likizama, kwa kuwa hakuna anayeniona, naongeza mwendo.