Suruali ya Kipa

Baba yangu, muuza vitambaa hapa Kasongo, alikubali nicheze mpira kwa sharti moja: miguu ifunikwe hadi kwenye vifundo. Alinishonea mwenyewe suruali nyeusi, pana kiasi kwamba tungeingia wawili na bado pakabaki nafasi ya mgeni. Sikulalamika. Nilikuwa mshambuliaji bora wa shule yetu ya wasichana, na hilo nalisema bila haya, maana haya yangu yote ilikuwa imeishia kwenye ile suruali.

Kwenye mechi ya Kabambare tulifika kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Mwamuzi alikagua mstari wetu, akakipita kitambaa changu cha kichwa bila neno, akakwama kwenye suruali.

"Wachezaji wote bavae kaputula moja," akasema. "Pantalo ni ya kipa tu."

Kocha wetu, mwalimu wa hesabu na shemasi kanisani kwake, alibishana, akaapa, halafu akakumbuka kwamba dini yake hairuhusu kuapa. Kisha nafasi yangu akampa kipa wetu, msichana mpole aliyeogopa mpira hata ukiwa umesimama, na mimi akanituma golini. Baba alitaka suruali, mwamuzi alitaka kaputula, na kati ya waheshimiwa hao wawili hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Nilitaka kufunga magoli.

Dakika za mwisho, bado sufuri kwa sufuri, tukapata penalti. Kocha akanipungia mkono. Nikavuka uwanja mzima, suruali ikipepea, watu wa Kabambare wakicheka kwamba kipa amepotea njia. Nikaupiga mpira chini, pembeni, ukaingia. Nilirudi golini mbio, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Habari ilinitangulia nyumbani. Baba, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja, akawa anawapimia wateja kitambaa huku akiwasimulia goli asiloliona. Mechi iliyofuata ilikuwa Kasongo. Akafunga duka, akaja na kanzu yake ya Ijumaa na kiti kutoka nyumbani.

Mwamuzi alikuwa yule yule, kwa hiyo nikasimama golini. Wageni walikuwa dhaifu mno. Mpira ulinifikia mara mbili tu, na zote ni beki wetu aliyenirudishia. Penalti haikuja. Wenzangu walikosa magoli ambayo ningeyafunga nimefumba macho, nami nilikuwa nayatazama kwa mbali, roho ikiniuma.

Firimbi ya mwisho ilipolia, baba akanifuata hadi golini, kiti mkononi, uso umejaa hamu.

"Mama, sasa weye utacheza saa ngapi?"

Nilitaka kulia, machozi yakakataa.

"Pantalo yako ndiyo imecheza, baba," nikamjibu. "Miye nilikuwa ndani tu."