Mtani wa Bibi

Mwezi uliopita nilimpeleka mama hospitali kwa ajili ya mkono wake wa kulia, unaotetemeka hata akiwa amekaa tu. Daktari alipokwisha kuutaja ugonjwa, tukaelekezwa chumba cha ushauri nasaha. Mshauri alikuwa binti mpole, lakini kwa robo saa nzima alizungumza na mimi. Anakula? Analala? Ana mawazo mengi? Mama ameketi katikati yetu, kapakata mkoba wake, akili zake timamu kabisa. Mwishoni ndipo binti akamgeukia na kumwambia ajikaze. Ndugu yangu, nilitoka pale nimechoka kuliko mgonjwa. Neno hilo nililikinai nikiwa na miaka tisa, kule kijijini kwetu Majimoto.

Ilikuwa miaka ya tisini, na aliyekuwa akitetemeka ni bibi, mama yake mama. Ilianza wakati wa mavuno. Alikuwa anapepeta mpunga, ungo ukawa unamwaga punje pembeni, na yeye akausingizia upepo. Upepo wenyewe haukuwepo. Zahanati walisema ni uzee, majirani wakasema karogwa, na wote wakaja kutoa pole. Walikuja wanajumuiya na rozari zao, akaja katekista, akaja hata mwalimu wangu. Wanakaa mkekani, wanashusha sauti, wanamuuliza mama habari za bibi ilhali bibi huyo hapo, wametoka kumwamkia sasa hivi. Kisha wanamwambia bibi ajikaze, wanamaliza chai, wanaondoka. Ajikaze nini? Angeweza kuukaza ule mkono si angeukaza?

Kwetu wanawake na watoto tulikula pamoja uani, ugali wa moto na samaki wa kukausha, harufu yake ikishika nguo mpaka kesho yake. Siku moja bibi alijimwagia uji kifuani mbele ya wageni. Wote waligeuza macho, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Toka siku hiyo akala ndani peke yake. Kazi ya kumpelekea sahani ilikuwa yangu, na kila mara aliniagiza nifunge mlango. Nilikuwa nasikia kijiko kikigonga bati, halafu kimya. Sahani ilitoka na nusu ya chakula, na bibi akazidi kukonda.

Ng'ambo ya barabara ilikuwepo familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mama wa nyumba ile na bibi, ambaye asili yake ni Ufipa, walikuwa wametangaziana utani siku ya kwanza tu walipokutana kisimani. Mtani huyo alikuwa safarini bibi alipoanza kujificha. Aliporudi hakuleta pole. Alisukuma mlango bila hodi, akamkuta na sahani yake.

"We Mfipa," akasema, "unacheza ngoma peke yako humu ndani, sisi hujatualika?"

Bibi alimtazama, akajibu, "Sichezi. Nafukuza nzi wa ng'ombe zenu."

Kisha akacheka mwenyewe. Miezi mingi sikuwa nimesikia kicheko hicho. Mtani akambeba na kigoda chake hadi uani, wakala sahani moja. Kila tonge lililoanguka lilikuwa na maneno yake: mara kuku wa nyumba hii wamenenepa, mara Wafipa hawajui mdomo ulipo. Bibi alimaliza chakula chote, na mlango ulibaki wazi.

Sasa nikuambie kosa langu. Mama aliporudi shambani nilimsimulia yote kwa furaha, nikidhani atafurahi. Yeye alisikia tusi tu. Alivuka barabara na jembe bado begani, akamwambia yule mama asikanyage kwake kuja kumsimanga mgonjwa. Bibi alirudi ndani, na mlango ukafungwa tena.

Siku chache baadaye bibi alimwita mama, nami nikiwepo. "Nyie wote mnanililia nikiwa hai," alisema. "Yule ananitania kwa sababu anajua bado nipo. Kamwite."

Mama akasema amesikia. Hakwenda. Kesho, baada ya palizi, baada ya Pasaka, siku zote kulikuwa na sababu, na mimi mtoto ningesema nini? Bibi alifariki mavuno yaliyofuata, akiwa mwepesi hata mimi niliweza kumgeuza kitandani.

Msibani mtani alikuja, na msibani mtani hazuiwi. Alijifunga khanga ya bibi, akakaa mlangoni na kikombe cha uji, mkono ukimtetemeka vilevile, akajimwagia kifuani na kuwaita kuku. Watu walicheka huku wakilia. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilimkasirikia mama siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na sijui kama hasira ile imeisha.

Familia ile ilihama na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Hapa Ilembo tunapoishi sasa, majirani wanaamkiana vizuri na kila mtu anafunga geti lake. Ningeweza kumtania mama mimi mwenyewe, utasema. Siwezi. Mtoto hamtanii mama yake, haki hiyo ni ya wajukuu, na wajukuu wenyewe wako Dar, wanapiga simu kusema, "Pole bibi, jikaze."

Jana nilimkuta mama anakula chumbani. Nilipotaka kukaa naye, akafunika sahani kwa kitenge.

"Yule Msukuma wa bibi yako," akaniuliza bila kunitazama, "alihamia wapi?"

Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akaniomba nikitoka nifunge mlango.